Pasheni ya Zambarau, ya Njano au ya Dawa: Ipi Inakufaa?

Anayetaka kupanda pasheni na anayetafuta chai ya kumsaidia kulala hukutana na picha ileile: ua pana lenye petali nyeupe au za urujuani, juu yake duara la nyuzi nyembamba, na katikati kijiti kifupi kilichobeba viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Ua hilo huchapwa kwenye pakiti za mbegu, kwenye chupa za juisi na kwenye maboksi ya majani ya chai, na ndiyo maana watu wengi huamini kwamba mmea unaozaa tunda la juisi ndio huohuo unaouzwa dukani kwa ajili ya usingizi. Sivyo. Jenasi ya Passiflora, yaani kundi la mimea lenye pasheni na jamaa zake wote, ina spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa na asili ya Amerika ya Kati na ya Kusini, na zinafanana maua kuliko zinavyofanana matumizi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la matumizi: unataka tunda, unataka dawa, au unataka ua la kupamba ukuta? Anayetaka tunda ana swali la pili, nalo ni la mwinuko wa mahali anapoishi. Katika ulinganisho huu sitazipa aina zote nafasi sawa, kwa kuwa hasara nyingi hutokana na mambo mawili tu, yaani kupanda aina ya nyanda za juu kwenye joto la pwani, na kuchuma majani ya pasheni ya tunda kwa kudhani kwamba ndiyo dawa.

Zambarau na njano

Hizi mbili ni spishi moja, Passiflora edulis, inayoitwa pia karakara, na ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda wengi wao huiita marakuja. Ya zambarau asili yake ni kusini mwa Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Ajentina, maeneo yasiyo na joto kali, na tabia hiyo haijaiacha: hustawi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako joto la mchana haliwi kali na usiku kuna ubaridi. Nyanda za juu za Kenya, milima ya Usambara, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na vilima vya Rwanda na Burundi ndiko kwake. Ya njano ni mmea wa nyanda za chini. Huvumilia joto la Tanga, Mombasa na Unguja, hukua kwa nguvu zaidi, lakini ikipandishwa kwenye baridi hudumaa na kuchelewa kuzaa.

Wauza miche wengi husema kwamba zote zinastawi popote. Ni kweli kwamba mche wa zambarau uliopandwa pwani hauwezi kufa kesho yake. Utatambaa vizuri, utajaza waya majani mabichi ya kupendeza, na huenda ukatoa maua machache yatakayopukutika. Mtu huendelea kuumwagilia na kuutilia mbolea akisubiri matunda, na mwaka unapita. Kwa maoni yangu, aliye chini ya mita 1,000 asijisumbue na zambarau hata kama mnunuzi wake anaipenda zaidi, na aliye juu ya mita 1,500 asivutiwe na ukubwa wa tunda la njano.

Ukubwa huo hata hivyo si wa kupuuzwa. Tunda la zambarau huwa na uzito wa gramu 35 hadi 50 hivi, ilhali la njano mara nyingi hufika gramu 60 hadi 100. La njano lina maji mengi zaidi na ukali zaidi, jambo linalowafaa wanaosindika juisi, kwa sababu ukali huvumilia kuongezwa maji na sukari bila ladha kupotea. La zambarau lina harufu nzuri zaidi na utamu zaidi, ndiyo maana hupendwa na anayekula tunda kwa kijiko, na soko la matunda mabichi la nchi za nje limezoea hilo. Anayeuza kwa wenye vibanda vya juisi mjini ana kila sababu ya kuchagua njano. Anayelenga meza ya hoteli au mnunuzi wa kusafirisha nje atauliziwa zambarau.

Tofauti ambayo haizungumzwi sana ni ya ua lenyewe. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya saa sita mchana, nalo linaweza kutungwa kwa chavua ya mmea huohuo, kwa hiyo hata mche mmoja nyuma ya nyumba utazaa. Ua la njano hufunguka karibu na saa sita mchana na kufunga saa tatu au nne za usiku, na kwa kawaida haliwezi kutungwa kwa chavua yake lenyewe. Linahitaji chavua ya mmea mwingine usio nakala yake kinasaba. Mtu aliyepanda mche mmoja wa njano, au aliyepanda vipando vingi vilivyokatwa kutoka mmea mmoja, anaweza kuwa na maua kila siku na asione tunda. Dawa yake ni kupanda miche kadhaa iliyotokana na mbegu za matunda tofauti.

Hata hapo kazi haijaisha, kwani ua la pasheni ni kubwa, na nyuki wa asali, kwa udogo wake, mara nyingi huchukua chavua bila kugusa sehemu ya kike iliyoinama juu yake. Wachavushaji hasa ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao na boriti, ambao watu huwaua wakidhani kwamba ni wadudu waharibifu tu. Mkulima mwenye busara huwaachia magogo makavu kando ya shamba. Pasipo nyuki hao, uchavushaji wa mkono kwa kidole au brashi laini hufanya kazi, na katika bustani ndogo si mzigo mkubwa. Mvua nayo ina lake: punje za chavua zikilowa hupasuka, hivyo mvua ya mchana wakati wa masika huwapunguzia mavuno wenye njano hata kama mimea ina afya. Kila mbegu ndani ya tunda hutokana na punje yake ya chavua, na ute wenye juisi huizunguka mbegu. Tunda jepesi lenye uwazi ndani ni la ua lililochavushwa nusunusu.

Upande wa magonjwa ndipo njano inaposhinda waziwazi. Mnyauko unaoletwa na ukungu wa Fusarium, unaoingilia mizizini na kukausha mmea mzima kwa muda mfupi, huiua zambarau kwa urahisi, wakati njano huustahimili vizuri zaidi, pamoja na minyoo fundo ya mizizini. Kilimo cha biashara cha zambarau kilianza Kenya mwaka 1933 na kupanuliwa mwaka 1960, wakati zao hilo lilipoingizwa kibiashara Uganda pia, na katika nchi zote mbili mashamba makubwa yaliangamizwa na magonjwa na wadudu hadi ikabidi yaachwe, kilimo kikahamia kwenye vishamba vidogo vilivyotengana. Somo hilo bado linafaa kwa anayeota ekari nyingi za mkupuo. Virusi vinavyofanya tunda liwe gumu, dogo na lenye ganda nene havina tiba. Huenezwa na vidukari na kwa visu vya kupogolea visivyosafishwa, na mmea uliougua hung'olewa na kuchomwa.

Kwa sababu hiyo kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ninayomshauri mkulima wa nyanda za juu ambaye udongo wake umewahi kupata mnyauko: mche wa kubebesha, ambapo kikonyo cha zambarau huunganishwa juu ya shina la njano. Tunda linabaki la zambarau, mizizi inakuwa ya njano. Mche huo una bei kubwa kuliko wa mbegu, lakini gharama kubwa ya shamba la pasheni ni nguzo na waya, vinavyosimamishwa kwa kimo cha karibu mita 2, na hakuna faida kuokoa fedha kidogo za mche kisha nguzo zikabaki zimesimama tupu. Mahali pa kuunganishia pabaki juu ya udongo. Pakifukiwa, zambarau itatoa mizizi yake yenyewe na kinga yote itapotea.

Muda wa kusubiri haupishani sana. Kukiwa na maji na mbolea, matunda ya kwanza huja katika mwaka wa kwanza au muda mfupi baadaye, na kutoka ua hadi kuiva ni siku 60 hadi 80. Matunda yaliyoiva huanguka yenyewe na huokotwa kila siku. Mnunuzi asikimbie zambarau iliyokunjamana ganda: kama ni nzito na haina ukungu, huwa imezidi kuwa tamu. Ya njano ipimwe mkononi kwa uzito, kwa maana ganda lake linaweza kuonekana zuri huku ndani kukiwa na uwazi.

Jikoni tofauti ni ndogo. Gramu 100 za rojo ya zambarau pamoja na mbegu zake zina takriban kilokalori 97, vitamini C miligramu 30 na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 10, ambazo kwa sehemu kubwa zimo kwenye mbegu, kwa hiyo anayechuja juisi abaki akijua kwamba amezitupa. Anayetumia mashine ya kusagia aiwashe kidogo tu, kiasi cha kuachanisha ute na mbegu, kwani mbegu zikisagika huijaza juisi vipande vyeusi na ukakasi.

Ndugu zao wawili wa tunda

Kuna Passiflora ligularis ya milima ya Andes, yenye tunda la rangi ya chungwa ambalo ganda lake huvunjika kama la yai na ambalo rojo yake ya kijivu ni tamu bila ukali wowote. Inafaa nyanda za juu zenye ubaridi, na watoto huipenda, ila kwa juisi haina makali ya kutosha. Ya pili ni Passiflora quadrangularis, inayotambulika kwa shina lenye pembe nne, na tunda lake linaweza kufikia urefu wa sentimita 30. Hii ni ya joto na unyevu, na nyama nene ya tunda lake huliwa pia, hata kupikwa likiwa bichi kama mboga. Nisingempa yeyote kati yao shamba la biashara bila mnunuzi aliyekwisha patikana, lakini kwenye uzio wa nyumba zinastahili nafasi.

Ya dawa

Mmea ambao majani yake huuzwa kwa ajili ya usingizi na wasiwasi ni Passiflora incarnata, ambao asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Virginia hadi Florida na Texas. Wacherokee, wenyeji asilia wa eneo hilo, waliutumia kwa chakula na dawa muda mrefu kabla ya wageni kufika, na Mwingereza John Smith aliandika mwaka 1612 kwamba wenyeji wa Virginia waliupanda kwa ajili ya tunda. Mwaka 1973 ulifanywa ua la porini la jimbo la Tennessee. Msemaji wa Kiswahili anayeishi majimbo hayo anaweza kuuona ukitambaa kando ya barabara. Huku Afrika Mashariki si mmea wa mashambani, na anayeutaka kwa kawaida hukutana nao ukiwa umekaushwa ndani ya pakiti.

Unatofautianaje na pasheni ya tunda? Majani ya zote mbili yana ncha tatu, na maua yanakaribiana, ingawa ya incarnata yana urujuani mwingi zaidi. Tabia ndiyo inayozitenganisha: incarnata hufa juu ya ardhi wakati wa baridi kali na kuchipua tena kutoka mizizini majira ya joto, jambo ambalo edulis, yaani pasheni ya tunda, hailiwezi. Tunda lake la kijani lenye ukubwa wa yai huliwa, ila halina soko la maana. Kinachotumika ni sehemu zote za juu ya ardhi, ambazo vitabu vya dawa huziita Passiflorae herba, zenye flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea, kama viteksini na isoviteksini.

Je, inafanya kazi? Ushahidi upo, lakini ni mwembamba, na anayeuza pakiti asikueleze vinginevyo. Mwaka 2001 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wagonjwa 36 wenye wasiwasi uliokithiri, kundi moja likipewa matone ya incarnata na jingine oksazepamu, dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi, kwa wiki nne. Mwishoni nafuu ilikaribiana; oksazepamu ilitangulia kuleta matokeo, lakini watumiaji wake walipata shida zaidi katika utendaji wa kazi. Mwaka 2011 jaribio la Australia lenye watu 41 wazima wa afya lililinganisha kikombe cha chai ya incarnata na chai nyingine isiyo na dawa, kwa wiki moja kila moja, na watu waliona kwamba ubora wa usingizi wao uliongezeka kidogo. Kwa upande mwingine, mapitio ya mwaka 2007 kuhusu wasiwasi, ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalipata majaribio mawili tu yanayokubalika, yenye washiriki 198 kwa jumla, na hayakuona msingi wa kutoa hukumu. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kwa misingi ya matumizi ya jadi, yaani kwa muda mrefu ambao imetumika bila madhara makubwa, kwa msongo mdogo wa mawazo na kusaidia usingizi, kwa watu waliozidi umri wa miaka 12.

Kwa hiyo inamfaa mtu ambaye usingizi umemsumbua siku chache kwa sababu anayoijua, kama vile mtihani, safari au shughuli za kifamilia. Haimfai mwenye huzuni iliyodumu, anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, au anayekatizwa usingizi kwa kukosa pumzi. Huyo anahitaji daktari, na kikombe cha chai kitamchelewesha tu.

Aliyeamua kuitumia ana maumbo matatu ya kuchagua. Chai ndiyo rahisi na ya upole: gramu 1 hadi 2 za majani makavu kwenye mililita 150 za maji yanayochemka, mara moja hadi nne kwa siku, na kwa usingizi kikombe cha muda mfupi kabla ya kulala. Matone hubebeka kwa urahisi na kipimo chake ni sahihi zaidi, lakini mengi hutengenezwa kwa alkoholi, jambo ambalo Mwislamu na yeyote aliyejiepusha na pombe anapaswa kulisoma kwenye lebo. Yapo ya gliserini pia. Vidonge huondoa tatizo la ladha ya majani, ila mara nyingi huchanganya incarnata na mimea mingine ya usingizi kama valeriani, na ukipata nafuu au ukidhurika hutajua ni kwa sababu ya upi. Mimi huanza na kupendekeza chai tupu, yenye jina kamili la Kilatini kwenye boksi. Palipoandikwa "pasheni" peke yake, mara nyingi ni ladha ya tunda iliyotiwa kwenye chai ya kawaida.

Wajawazito na wanaonyonyesha waiepuke. Anayetumia dawa za usingizi, za kifafa au za wasiwasi asiichanganye nazo bila kumwuliza daktari au mfamasia, kwa kuwa usingizi unaweza kuzidi, na anayesubiri upasuaji amweleze daktari mapema. Baada ya kuinywa mtu asiendeshe gari wala bodaboda mpaka ajue inavyomchukua.

Na majani ya mpasheni ulioko nyuma ya nyumba? Nchini Brazili majani ya edulis na ya ndugu yake Passiflora alata yana historia ndefu ya kutuliza, kwa hiyo wazo lenyewe si la kipuuzi. Tatizo ni kwamba majaribio niliyoyataja yalifanywa kwa incarnata, vipimo vyake haviwezi kuhamishiwa kwenye mmea mwingine, na majani na matunda mabichi ya spishi nyingi za jenasi hii yana viambata vinavyoweza kutoa sianidi. Aidha, juisi ya tunda, hata iwe nyingi kiasi gani, si dawa ya usingizi; inywewe kwa utamu wake.

Ya pambo

Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya zisizo na baridi kali mno, ua linaloonekana kwenye kuta za nyumba ni Passiflora caerulea, lenye nyuzi za buluu na majani yenye ncha tano, ambalo pia ni ua la taifa la Paragwai. Huzaa matunda ya rangi ya chungwa ambayo Mwafrika Mashariki aliye ugenini huyatazama kwa hamu. Ndani yake kuna rojo nyekundu isiyo na ladha ya maana, na ambayo haifai kuliwa kabla haijaiva kabisa. Majani yake yasitumike kwa chai. Kwa uzuri wa ukuta hakuna ubishi, lakini kwa tunda au dawa litakuvunja moyo.

Pwani ya Afrika Mashariki kuna pia Passiflora foetida, gugu lenye vitunda vidogo vilivyofunikwa kwa nyuzi zinazonata, ambalo hujiotea lenyewe na halihitaji kupandwa na mtu. Na anayependa kuagiza mbegu za aina za kigeni mtandaoni akumbuke Hawaii, ambako pasheni yenye tunda refu kama ndizi, iliyopelekwa kama pambo mwanzoni mwa karne ya 20, ilitoroka bustanini na kufunika miti ya misitu ya asili. Kwa uzio wa nyumba ya hapa kwetu, njano pwani na zambarau milimani hutoa maua mazuri kiasi cha kutosha, na tunda juu yake. Unapokwenda kuchukua miche, mwulize muuzaji mambo matatu: imetokana na mbegu au imebebeshwa, shina la chini ni la aina gani, na matunda yaliyotoa mbegu yalitoka kwenye mimea mingapi. Asiyeweza kujibu la tatu usinunue kwake njano.